Mpangilio wa Intasepta Si Mapambo

Jamani, kuna jambo limenikaa kooni na leo nalitema.

Programu moja niliyoshiriki kuiandika inahudumia ofisi mbili, Kitui na Makueni, kwa seva moja. Siku chache baada ya Makueni kuunganishwa, karani wa Kitui alifungua orodha ya wateja wake akakuta watu wa Wote: majina, namba za simu, madeni. Mwenzangu akasema, "Bonyeza tena tu." Karani akabonyeza, mambo yakawa sawa, na kesi ikafungwa. Mimi nimekataa kuifunga.

Intasepta ni kipande cha programu kinachosimamisha ombi la mtumiaji njiani kabla halijafika linakokwenda. Tulikuwa nazo mbili, katika Spring. Ya kwanza ilikagua ruhusa na kufungua hifadhidata ya ofisi. Ya pili ilitambua ofisi ni ipi na kuandika jina lake kwenye ThreadLocal. Umeliona kosa? Mlango unafunguliwa kabla mgeni hajaulizwa anakwenda kwa nani! Ya kwanza ilisoma jina lililoachwa na ombi lililotangulia, maana seva hutumia uzi uleule kwa maombi mengi. Kitui ilipokuwa peke yake hakuna aliyegundua: lililoachwa ni Kitui, linalokuja ni Kitui.

Wapo wanaosema fremuweki inajipanga yenyewe. Si kweli. Usipozipa intasepta namba za mpangilio, Spring huzifuata kama ulivyozisajili. Ukisajili ovyo, zitaendeshwa ovyo.

Tena kurudi si kama kwenda. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa unapita Emali, Makindu, kisha Kibwezi. Ukirudi unaanza na Kibwezi. Ndivyo ilivyo hapa: preHandle hufuata mpangilio, postHandle na afterCompletion huugeuza. Kwa hiyo ofisi ikitambuliwa kwanza, jina lake litafutwa mwisho, baada ya hifadhidata kufungwa. Ndivyo tunavyotaka.

Na usafi usiuweke kwenye postHandle. Kontrola ikitupa kosa, postHandle haiitwi kabisa, na uchafu unabaki kwenye uzi ukimsubiri mtu mwingine. Uweke kwenye afterCompletion, ambayo huitwa hata kosa likitokea, mradi preHandle ya intasepta hiyo ilimaliza na kurudisha true.

Ninachodai ni hiki: intasepta zote ziorodheshwe mahali pamoja, kwa namba, na kuwe na jaribio linalotuma maombi ya ofisi mbili kwa kupokezana juu ya uzi mmoja. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mama wa Wote ambaye deni lake limesomwa Kitui hawezi kubonyeza tena ili lisahauliwe. Anayepinga alete hoja, asilete "kwangu inafanya kazi."