Tour Divide: kamera nayo ni msaada

Kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Juni, waendesha baiskeli wanaondoka Banff, nchini Kanada, kuelekea Antelope Wells, mpakani mwa Marekani na Meksiko. Ni karibu kilometa 4,400, sehemu kubwa barabara za changarawe na vumbi, kupitia milima ya Rocky na nyika kavu za Wyoming ambako maji na duka ni vya kutafuta kwa ramani. Mbio hizo zinaitwa Tour Divide. Hakuna ada, hakuna zawadi, hakuna gari la fundi linalofuata nyuma. Msomaji wa Goma aliyezoea kuona chukudu zikishuka na magunia ya viazi atauliza, na ana haki: wanajitesa kwa faida gani?

Kwa walio mbele, faida ni jina kwenye orodha ya muda. Orodha hiyo ndiyo iliyoleta ubishi mwaka 2023.

Lachlan Morton, mwendesha baiskeli wa kulipwa kutoka Australia, alipita njia hiyo nje ya kundi la Juni kwa siku 12, saa 12 na dakika 21. Rekodi ya Mwingereza Mike Hall, ya mwaka 2016, ilikuwa siku 13, saa 22 na dakika 51. Hall mwenyewe hakuwepo tena kusema lolote: aligongwa na gari huko Australia, Machi 2017, akiwa katika mbio za aina hiyohiyo. Lakini muda wa Morton haukuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu watu wa kamera walimfuata njiani.

Wanaomtetea wana hoja. Kamera haikanyagi pedali, haitengenezi mnyororo uliokatika, haimpi mtu chakula. Tena Morton anaishi kwa kazi hiyo, na wanaomlipa wanataka picha.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi. Sheria ya Tour Divide inaruhusu kila kitu kilicho wazi kwa wote: duka, hoteli, posta, fundi wa mji mdogo. Kinachokatazwa ni msaada uliopangwa kwa ajili ya mtu mmoja. Na uso unaoufahamu, saa nane usiku karibu na Indiana Pass, kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,600, ni msaada hata kama hausemi neno. Aliye peke yake anaamua kama ashuke gizani au alale kwenye baridi, akijua kwamba akikosea hakuna anayemuona. Mwenye watu karibu hafanyi hesabu hiyo. Juni 2022, mvua na theluji ziliwakuta washindani upande wa Kanada, na baadhi yao wakabonyeza kitufe cha dharura, wakatolewa kwa helikopta. Hofu ya namna hiyo ni sehemu ya mbio, sawa na kilometa zenyewe.

Kuna jambo jingine. Mbio hizi hazina waamuzi barabarani. Kifaa cha setilaiti kinaonyesha nukta inayotembea kwenye ramani, lakini hakionyeshi nani amesimama kando yake. Mahali pasipo na mwamuzi, sheria ikilegezwa kwa muungwana mmoja, itamfaa pia mdanganyifu atakayekuja kesho na kamera na mkoba wa dawa. Morton hakuhitaji kuwa mdanganyifu ili anyimwe. Alihitaji tu kuwa na watu.

Abaki na filamu yake, ambayo ni haki yake. Orodha ni ya wale waliotoka bila mtu wa kuwatazama, na haikufungwa: Justinas Leveika wa Lithuania alimaliza kwa siku 13 na saa 2 mwaka 2024, na mwaka 2025 Robin Gemperle wa Uswisi akafika kwa chini ya siku 12.