Pima kwanza, ndipo ulaumu



Mwezi jana bando ya nyumbani iliisha tarehe 12. Nikamwita kijana wangu, nikamkemea mbele ya wadogo wake. Alinyamaza tu. Jioni nikafungua ukurasa wa ruta kwa simu, nikaona vifaa vyote na data ambayo kila kimoja kimetumia. Mlaji hakuwa yeye. Ilikuwa runinga ya sebuleni, ambayo mimi mwenyewe huiacha ikicheza mahubiri nikisinzia kwenye kiti. Video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja!

Mzazi, kumshtaki mtu bila kupima ni dhuluma, awe mtoto wako au dada wa kazi. Ruta yako isipoonyesha matumizi, zima waifai kwa kila kifaa, kisha washa kimoja kimoja ukiangalia salio. Kwa simu, ingia kwenye mipangilio uone ni programu gani inakula data. Wakati mwingine ni picha zinazojihifadhi mtandaoni zenyewe. Ukikuta kifaa usichokijua kwenye ruta, badilisha nenosiri.

Nilimwomba kijana wangu msamaha, mbele ya wadogo wake wale wale. Haikuwa rahisi. Lakini bando tutanunua nyingine. Moyo wa mtoto uliovunjika hauuzwi dukani.

Na wewe, kuna mtu nyumbani umemlaumu bure? Mwendee leo, usingoje Jumapili. Ukikubali, andika AMINA.