Tshopo: Takwimu za magonjwa kwenye ramani za intaneti, siri ya mgonjwa wa Bengamisa inalindwaje?

Tarehe 8 Septemba 2021, serikali ya DRC ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Banalia, jimboni Tshopo. Walikuwa wamehesabiwa washukiwa 261 na vifo 129. Siku hizi hesabu za aina hiyo hutazamwa kwenye ramani: mtu anagusa zoni ya afya, idadi inatokea.

Ramani yenyewe haibebi hesabu. Inaziita kutoka kompyuta nyingine kila inapofunguliwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mashariki mwa nchi, taasisi ya INRB iliweka wazi faili za idadi ya wagonjwa kwa kila zoni ya afya, na mwenye kujua programu aliweza kuzichota. Hapo hakuna ubaya, ni jumla tupu.

Hatari inaanza pale fundi, kwa kutafuta wepesi, anapounganisha ramani moja kwa moja na rejista yenye majina, umri na kijiji. Rejista hiyo inafunguliwa kwa ufunguo wa siri. Akiuandika ndani ya ukurasa, ufunguo unasafiri hadi kwenye kila simu inayofungua ramani, na mwenye ujuzi kidogo atausoma. Ile alama ya kufuli juu ya ukurasa haisaidii: inazuia mwizi wa njiani, si mtu aliyekwisha kupewa ufunguo. Dawa inajulikana. Ufunguo ubaki kwenye seva, seva ijumlishe, itoe jumla peke yake.

Jumla nayo ina mipaka yake. Mjini Kisangani, "mgonjwa 1" anapotea katika umati. Bengamisa, karibu kilomita 50 kutoka mjini kwenye barabara ya Banalia, ni jambo lingine: ramani ikishuka hadi kijiji na kuandika "mwanamke 1, miaka 60, juma lililopita", majirani hawahitaji jina. Kwa mpox au kifua kikuu, hiyo yatosha mama kukosa wateja sokoni. Ni heri ramani iishie kwenye zoni nzima, na idadi ndogo iandikwe "chini ya 5".

Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi. Lakini sheria hufika baada ya siri kutoka. Anayelipia ramani ndiye angeuliza mapema ufunguo umewekwa wapi; fundi mwingine akiusoma ukurasa wenyewe, jibu litapatikana kabla pesa hazijalipwa.