Mashariki ya Kongo: redio ya kijiji ibebwe na wasikilizaji wake wenyewe

Mwanzoni mwa mwezi Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba mkoani Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kuongoza kipindi juu ya mapambano dhidi ya Ebola. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2.200 kati ya 2018 na 2020, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Siku zile uvumi ulisema Ebola ni biashara, na wahudumu wa afya walishambuliwa. Aliyeweza kusema na wakaaji kwa lugha yao, akijulikana na baba na mama wa kila nyumba, ni mtangazaji wa pale pale.

Lakini redio za vijijini haziuawi kwa silaha tu. Nyingi zinakufa pole pole. Mafuta ya jenereta yanaisha, betri za sola zinachoka, kifaa kimoja cha mtambo kinaungua na hakuna feza ya kukinunua. Vijana waliojifunza kazi wanaondoka, mmoja kuendesha pikipiki, mwingine kuchimba dhahabu.

Sababu iko katika namna redio hizi zinavyolishwa. Mlango wa kwanza ni wafadhili wa nje. Wamefanya mengi mazuri, lakini wana kalenda yao. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na miradi mingi ikakatika. Wakati ule ule Goma, kisha Bukavu, ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Wakaaji walitaka kujua barabara gani inapitika, benki zitafunguliwa lini, watoto watarudi shuleni lini. Ndipo redio kadhaa ziliporwa ao zikanyamaza.

Mlango wa pili ni mwanasiasa. Ananunua mtambo kabla ya uchaguzi, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeuliza ni kwa nini daraja aliloahidi halijajengwa. Mlango wa tatu ni « coupage », ile bahasha anayopewa mwandishi asiye na mshahara akimaliza kuandika hotuba za mkutano. Mama aliyenyang'anywa shamba hana bahasha, basi habari yake haitoki.

Kuna njia nyingine, na si ngeni hapa. Redio Maendeleo ya Bukavu ilianzishwa mwaka 1993 na mashirika ya wenyeji wa Kivu ya Kusini. Ilikuwa na vilabu vya wasikilizaji vijijini, ambako watu walisikiliza pamoja, wakajadili na kutuma habari zao. Waasi wa RCD waliifunga mwaka 1999, lakini baadaye ilirudi hewani. Redio yenye watu nyuma yake ni vigumu kuifuta moja kwa moja.

Wengine watasema wakaaji ni maskini, wengi wamekimbia vita, watatoa wapi feza? Jibu ni kwamba wanatoa tayari. Wanalipa tangazo la kifo, la mtoto aliyepotea, la mbuzi aliyeibiwa. Wamama wa soko wanaweka akiba kila juma katika AVEC, na hesabu zao zinafungwa vizuri kuliko za ofisi nyingi. Watu 500 wakitoa franka 1.000 kila mwezi, ni franka 500.000. Haitajenga studio ya kisasa, lakini itasaidia kununua mafuta na kumpa mwandishi usafiri wa kwenda kuangalia mwenyewe jambo lililotokea.

Hata hivyo, michango bila kanuni itazaa bwana mpya. Mwenye duka kubwa ao mkuu wa ushirika akitoa nusu ya feza, atataka nusu ya habari. Kwa hiyo mchango uwe mdogo na wa wengi, kiasi cha juu kipangwe, komite ichaguliwe na wasikilizaji wenyewe. Hesabu zisomwe hewani kila mwezi, kama vile kanisa linavyosoma matoleo. Na anayechanga akubali tangu mwanzo kwamba siku moja redio yake itasema jambo ambalo halimpendezi.

Hayo hayaondoi deni la serikali. Inapaswa kupunguza mzigo wa kodi kwa redio za jamii na kuwafikisha mbele ya sheria wanaoua waandishi wa habari. Wote wenye silaha wanapaswa kuacha studio zifanye kazi. Lakini kusubiri siku hiyo mikono mitupu ni kukubali kunyamazishwa. Mapigano yakisogea ao kipindupindu kikiingia, mfadhili hatakuwa na mtu kijijini wa kueleza wakaaji wapite wapi, wanywe maji gani. Redio ya hapo hapo itakuwa naye, mafuta yakiwa bado yamo.