KUJITOLEA SI MSHAHARA!

Ndugu Wafanyakazi,

Kila asubuhi twatoka Kibera kwa miguu kwenda Industrial Area, na Kawangware kwenda Lavington, kuuza jasho letu. Siku hizi wako vijana wetu wanaolitoa jasho hilo mbele ya kompyuta, nao huambiwa: "Jitolee tu, utapata jina." Jina halilipi kodi ya nyumba!

Programu huria ni ile ambayo kila mtu aruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuitengeneza. Ni jambo jema. Ushahidi ilizaliwa hivyo hapa Kenya, Januari 2008. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, mahali palipokuwa pengo tupu.

Lakini programu nyingi kiini chake huandikwa kwa lugha moja ya kompyuta, mathalani C. Mtu wa Python ataka daraja lake la kukifikia, wa Java lake, wa Ruby lake. Kiini kikibadilika, madaraja nayo hudai kutengenezwa. Fundi wa Java huenda hajui Ruby. Basi kila daraja lataka mtunzaji wake, na hapo ndipo pana kilio: watunzaji hawapatikani!

Ati vijana ni wavivu? Hasha! Hawapatikani kwa sababu hawalipwi. Harambee hujenga darasa, lakini mwalimu hali harambee. Kujenga kuna mwisho, kutunza hakuna.

Tazameni matokeo. Mwaka 2014 ilipofichuka kasoro ya Heartbleed, OpenSSL, iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya kutwa, na michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba mtunzaji wa XZ Utils, mtu aliyechoka, alimpa funguo msaidizi asiyemjua, naye akatia mlango wa siri. Aliyeugundua, Andres Freund, aliugundua kwa bahati.

Mtu atasema kujitolea ni mlango wa ajira. Kwa wengine ndivyo. Lakini mlango ni wa kupita, si wa kulala. Mtoto wa tajiri aweza kungoja mwaka mzima. Wa Kawangware hununua bando kwa fedha ya unga. Kazi ya bure humfungia nje maskini, kisha huulizwa mbona hayumo!

Kwa hiyo twadai:

1. Kampuni inayopata faida kwa daraja imlipe mtunzaji wake mshahara wa mwezi, si fulana na cheti.

2. Daraja lisilo na mtunzaji litangazwe wazi, watu wasilivuke wakidhani ni zima.

3. Kijana asipokee funguo pasipo mapatano ya saa, malipo, na nani atampokea akichoka.

Ndugu, usiende kujadiliana peke yako. Njoo chamani kwanza.

UMOJA NI NGUVU!