Brauza Yako Inakula Bando Yako

Wasee, hii maneno nimeichoka. Juzi nimepanda mat pale Makutano, Meru, naenda Embu. Bando ya mbao, nikasoma ukurasa mmoja tu, simu mfukoni. Kufika Chuka, bando imeisha. Kuangalia matumizi ya data: brauza, inaongea na kwao chinichini bila kuniuliza.

Halafu mtu aniambie "mimi sina cha kuficha." Sawa boss, lakini nauli ya hizo habari zako unalipa wewe!

Mwaka wa 2020 Douglas Leith wa Trinity College Dublin alipima brauza sita za kompyuta, zinatuma nini kwao. Edge na Yandex zilituma kitambulisho kilichofungwa na mashine yenyewe. Brave ndiyo ilitoka safi zaidi. Firefox si malaika, inatuma takwimu mpaka uzime, lakini swichi iko kwa mipangilio. Mimi niliacha chuo na bado niliipata.

Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, inaongea sana kuhusu ridhaa. Ridhaa gani, ile "Kubali" ulibonyeza ukikimbilia skoo za mechi?

Runyenjes nikaomba hotspot ya jirani, nikaweka Firefox, ile ingine nikaifuta.