Kabla ya Kutuma Mashine, Muulize Anayefagia

Majani yameanza kupukutika tena huku ugenini, na maswali yanayoletwa kwa jarida hili la jumuiya yetu yamebadilika nayo. Mwezi wa Julai watu walikuwa wakiuliza nauli. Sasa wauliza mashine ya betri ya kupuliza majani: ipi yenye nguvu, chaji hukaa muda gani, na je, naweza kumpelekea mama Likoni? Hilo la mwisho nimelisikia kwa wanachama wanne mwezi huu, nalo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu mimi nilishapeleka, na niliyoyaona yaweza kumwokolea mwenzangu pesa na masikitiko.

Nianze na sifa, maana mashine hii ina sifa. Tuliokuja Marekani miaka ya nyuma twazikumbuka zile za petroli: kamba ya kuvuta, moshi machoni, kelele ya kuwaamsha watoto wa mtaa mzima. Idara ya hewa safi ya jimbo la California ilipiga hesabu kwamba saa moja ya mashine kama hiyo huchafua hewa sawa na gari dogo likitoka Los Angeles hadi Denver, maili 1,100 hivi. Kwa hesabu yetu, hiyo ni karibu kwenda Nairobi na kurudi Mombasa mara mbili. Mji wa Washington ukapiga marufuku za petroli kuanzia Januari 2022, na California ikazuia kuuzwa mashine mpya za bustani za aina hiyo kuanzia Januari 2024. Kwa hiyo betri ndiyo imeshika soko. Mwenye ua wa lami au wa saruji huku hubonyeza kitufe, na kazi ya saa nzima humalizika kwa dakika ishirini bila mgongo kuuma.

Wenye nazo wote hulalamikia jambo moja, nami nakubaliana nao: betri. Ukiiwasha kwa nguvu zake zote, betri ndogo huisha ndani ya robo saa au hata kabla. Ukiishika kwa nguvu ya wastani utafika mbali zaidi, na mara nyingi nguvu hiyo yatosha kwa majani makavu. Tena betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt, wala ya Ryobi kwenye EGO, kwa hivyo ukishanunua ya kwanza umeolewa na kampuni hiyo. Jingine la kujua ni kwamba dukani huuzwa pia mashine tupu kwa bei ya kuvutia, bila betri wala chaja, na kuvinunua hivyo viwili baadaye huweza kupita bei ya mashine yenyewe. Soma boksi kabla ya kulipa.

Sasa twende nyumbani.

Mama yangu hufagia baada ya sala ya alfajiri. Hunyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie, kisha huinama, mkono mmoja mgongoni, na ufagio wa chelewa ukaanza kuchora mistari juu ya mchanga. Uwanja wetu una mwembe mmoja na mkungu mmoja. Mkungu huo, jani lake ni pana kama sahani, na ukiamua kupukutisha huyaangusha yote kwa siku chache, mekundu, ukakaa uchi. Jirani ana mwarobaini ambao majani yake membamba huja kwetu kila kaskazi ikivuma. Ni kazi ya kila siku, na mama ana miaka sabini na mitatu. Nilipomtumia mashine sikuwa na nia ya kujionyesha. Nilikuwa nimemwona kwenye simu akijinyoosha kiuno baada ya kufagia, nikashindwa kulala.

Alitumia mashine ile mara tatu. Siku ya tatu akanipigia. "Mwanangu, mashine yako yapuliza mchanga, majani yabaki." Nikadhani hakuishika vizuri, nikamweleza tena. Akanisikiliza kwa upole wote, halafu akaniambia kwamba jirani, ambaye hukaanga mahamri mlangoni pake, alilazimika kufunika karai kwa kanga, na kwamba nguo za wapangaji zilizokuwa kambani zilifuliwa upya.

Ndipo nilipofahamu kitu ambacho ningekijua tangu awali lau ningeuliza. Chelewa ni njukuti za makuti, zimechambuliwa moja moja kwa kisu na kufungwa pamoja. Zinapopita juu ya mchanga hulikamata jani, na mchanga hubaki mahali pake. Upepo wa mashine hauchagui. Mchanga mkavu wa Likoni ni mwepesi kuliko jani bichi la mkungu lililoloa umande, basi hupaa wa kwanza. Na kuti likianguka kutoka mnazini, hakuna mashine ya mkononi itakayolisogeza. Hilo huburutwa kwa mikono. Tukumbuke pia kwamba nyumba zetu nyingi za Mombasa bara, kuanzia Timbwani hadi Mlaleo, zina wapangaji vyumba sita au zaidi, uwanja mmoja, na milango inayotazamana. Vumbi la mmoja ni la wote.

Lakini haki isemwe. Binamu yangu wa Port Reitz, upande wa Changamwe, ana ua wa kabro na gari mbili. Kwake mashine hiyohiyo imefanya kazi mwaka wa pili sasa, na kijana anayemsaidia huisifu. Hupuliza kwa nguvu ndogo, saa mbili asubuhi baada ya watu kuamka, akianzia ukutani kuelekea katikati. Nimesikia hivyo hivyo kwa mwenye nyumba ya kupangisha watalii huko Bamburi, ambaye ua wake umetandikwa mawe ya Mazeras. Saruji, kabro, mawe: hapo mashine ni msaada wa kweli. Mchanga na kokoto: usiipeleke.

Wanaopeleka, wasikilize habari ya umeme, maana hapa ndipo vitu vingi hufia. Kenya stima ni volti 240. Marekani na Kanada ni 120, na chaja nyingi za mashine hizi zinazouzwa huku zimetengenezwa kwa 120 tu. Igeuze chaja usome maandishi madogo nyuma yake. Ikiandikwa 100–240 ni salama, utahitaji plagi tu. Ikiandikwa 120 peke yake, ukiichomeka Kisauni itakufa papo hapo. Chaja yangu ya kwanza ilikufa hivyo, na harufu yake ilikaa sebuleni kwa mama siku mbili. Wenzetu wa Uingereza wana bahati, kwani umeme wao na plagi zao za miguu mitatu ni sawa na za Kenya. Walioko Oman na Dubai pia. Kama una ndugu Muscat, mwache yeye anunue. Na usibabaishwe na namba za kwenye betri: DeWalt inayoitwa volti 20 Marekani na ile ya volti 18 Ulaya zina seli tano tano zilezile. Moja imepimwa ikiwa imejaa pomoni, nyingine ikiwa katika hali yake ya wastani.

Halafu kuna ndege. Betri za lithiamu zisizokuwa ndani ya mashine haziruhusiwi kwenye begi la kupakia chini. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kipimo ni wati-saa, na kuipata ni kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ni wati-saa 90, iko chini ya 100, yapita. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Zaidi ya 160 abiria hapandi nayo kabisa, na zile kubwa za volti 56 zenye ampea-saa 5 hufika 280. Kwa kontena, betri huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari na lazima iandikwe kwenye orodha. Tafadhali, tafadhali, msizifiche katikati ya mitumba na magodoro. Moto wa lithiamu ndani ya kontena hauzimwi na mtu, na mzigo wa familia arobaini huteketea kabla haujafika Kilindini.

Ikifika salama, adui wake ni joto. Mwezi wa Februari na Machi Mombasa hupita nyuzi 32 kivulini, na stoo ya mabati hupita hapo kwa mbali. Betri iliyotoka kufanya kazi iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa. Isikae ndani ya gari wala juani. Kama haitatumika mwezi mzima, iwekwe ndani ya nyumba ikiwa na chaji nusu. Chumvi ya bahari nayo hula vile vibati vya shaba, basi vipanguswe kwa kitambaa kikavu. Na ikifa, isitupwe jaani! Kwetu jaa huchomwa, na betri ya lithiamu motoni hulipuka. Watoto huchezea karibu na majaa hayo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huniuma nikiona majani yakifungwa kwenye mifuko au kutiwa moto. Bamburi kulikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe ya matumbawe isiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti pale, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Lakini majani yake yalirundikana chini bila kuoza. Akaleta jongoo. Jongoo wakayatafuna majani, mavi yao yakawa udongo, na juu ya udongo huo ukasimama msitu ambao leo twauita Haller Park. Aliyezaliwa Kisauni amewahi kupelekwa pale na shule. Basi majani ya mwembe na mkungu wa kwetu yana kazi: yakifukiwa shimoni nyuma ya nyumba, yakalowana na masika, mwaka unaofuata ni mbolea ya mchicha na mpapai. Mwarobaini mkavu kidogo wafaa kufukizia mbu jioni. Mashine ya kupuliza majani hadi kwa jirani hupuliza na hiyo mbolea.

Kwa mama nilifanya hivi mwishowe. Nilimuuliza anataka nini. Alitaka fagio la chelewa lenye mpini mrefu ili asiiname, reki moja nyepesi, na mtu wa kumsaidia siku za Ijumaa. Kijana wa mtaani alifunga chelewa kwenye fimbo ya mkaratusi kwa nusu siku. Reki niliinunua huku, ikasafiri bila chaja wala ruhusa ya ndege. Binti wa jirani huja Ijumaa na hulipwa. Mashine iko Port Reitz.

Basi ombi langu kwa kila mwanachama ni hili. Kabla ya kununua, piga simu nyumbani, na usizungumze na kaka mwenye simu kubwa peke yake. Mtafute yule anayefagia. Muulize ua ni wa nini, nani anaishi ukuta kwa ukuta naye, na mgongo wake unamuuma wapi. Kontena la jumuiya litafungwa mwisho wa mwezi ujao. Asiyekuwa na jibu la mfagiaji mkononi, twamwomba asilete mashine.